Habib Swaleh na Watu wa Langoni

Jina la Habib Swaleh bin Alawi Jamalil-Leyl si geni kwa mtu wa pwani. Kila mwaka hutajwa Lamu wakati wa Maulidi, na watu husafiri kutoka mbali kuhudhuria. Lakini wengi wetu twamjua kwa sherehe, na wachache wamjua kwa kazi yake.

Alizaliwa Ngazija katika karne ya 19, akafika Lamu angali kijana. Alikuwa sharifu kwa nasaba, lakini mgeni kwa mji. Na Lamu ya siku zile ilikuwa mji uliompima kila mtu kwa ukoo wake. Waungwana walikaa Mkomani katika majumba ya mawe, nao ndio walioshika mashamba, misikiti na elimu. Upande wa kusini, Langoni, nyumba zilikuwa za makuti, na humo wakikaa Wahadhrami maskini, Wangazija, Wabajuni, watumwa na wazao wao. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kuswali. Elimu iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa si ya mtu kama yeye.

Kwa nasaba yake Habib Swaleh angeliweza kukaa baraza moja na wakubwa akastarehe. Yeye akachagua Langoni. Aliketi na watumwa na mafukara, akawasomesha dini kama wanavyosomeshwa watoto wa waungwana. Jambo hilo liliwachukiza wengi, wala si ajabu, kwani mtumwa aliyejua fiqhi aweza kumsahihisha bwana wake.

Alipoanza kusomesha maulidi kwa matari, wapinzani wake walipata hoja, wakasema ni uzushi. Katika suala la matari msikitini wanavyuoni wamekhitalifiana, nasi hatulikati hapa. Lakini tusijifiche: nyuma ya lawama zile palikuwa na swali jingine, nalo ni nani aketi na nani.

Chuo chake kilianza katika kibanda, na baadaye ukasimama Msikiti wa Riyadha huko huko Langoni. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta utumwa katika sheria za pwani ya Kenya. Sheria ile ilimwondolea mtumwa bwana, haikumwondolea dharau. Aliyeachwa huru alihitaji mahali pa kuketi bila kuulizwa babu yake ni nani, na Riyadha mahali hapo palikuwapo. Habib Swaleh alipofariki katikati ya miaka ya 1930, mji uliompokea kama mgeni ulikuwa ukimhesabu miongoni mwa mashekhe wake wakubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi na tujiulize. Kijana Mwislamu atokaye Kisii au Nyamira, ambako Waislamu ni wachache, akija pwani kutafuta elimu, twampokeaje? Twamwita ndugu, au twamwita mtu wa bara? Akihifadhi Kurani vizuri kuliko watoto wetu, twamtanguliza kutusalisha? Akija kuposa, twauliza dini yake au kabila lake? Twayakubali kwa ulimi mafundisho ya kuwa mbora wetu ni mcha Mungu, kisha twayasahau mlangoni petu. Kumsifu Habib Swaleh ni kazi ya siku moja kwa mwaka. Kumfuata ni kazi ya kila siku.