Apolo Kivebulaya: mkubwa aliyekubali kuwa mtumishi

Kila tunapokaribia uchaguzi wa viongozi katika makanisa yetu, maneno huwa mengi: nani atakalia kiti, nani atapata gari, kabila gani limesahauliwa. Ndiyo sababu tumeona vema kukumbuka maisha ya Apolo Kivebulaya, mtumishi wa Mungu aliyehubiri Injili huko Boga, katika Ituri.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Kabla ya kumpokea Yesu alikuwa askari, naye alijua vizuri nguvu ya silaha. Alibatizwa mwaka 1895, akatumwa Toro, na mwaka 1896 akavuka mto Semliki kwenda Boga. Walimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa maana chifu Tabaro aliwanyima chakula. Kwa mwanamume wa Buganda, kulima ilikuwa aibu, kazi ya wanawake. Apolo alikwenda akiwa tayari kushika jembe.

Tabaro hakupenda mahubiri yake, na Apolo alipigwa vibaya. Kisha dada wa chifu akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Akafungwa, akapelekwa gerezani Toro. Huko ndani alimwona Yesu katika maono, akamtia moyo. Alipofunguliwa alirudi Boga, tena bila kisasi. Mwishowe Tabaro mwenyewe alitubu, akabatizwa na kuitwa Paulo.

Tuangalie jambo hili vizuri. Chifu alikuwa na watu, fimbo na amri. Apolo alikuwa na Neno na uvumilivu. Fimbo ya chifu haikumnyamazisha Apolo, lakini uvumilivu wa Apolo ulimgeuza chifu.

Heshima nayo ilikuja. Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akawa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Wengi wetu tungebaki mjini kula matunda ya cheo hicho. Yeye aliendelea kuingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani zao, akawafundisha na kushughulikia Injili ya Marko katika lugha yao.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu upande ule msitu wa Kongo ulikuwa bado unangoja Injili. Hakuacha mke wala mtoto; aliacha kanisa. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi.

Ndugu viongozi, Bwana wetu alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi miguu. Kabla ya kuomba kura, tujiulize: kama kiti hiki kingekuwa jembe tu, bila gari wala mshahara, je, tungekigombania bado?