Tippu Tip: Ukoo Wake na Watu wa Mashamba Yake

Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja yapata mwaka wa 1837. Katika somo la historia umekutana naye kama mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Katika fasihi anatajwa kwa sababu nyingine: tawasifu yake ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa kuandikwa kwa Kiswahili. Kabla ya kuisoma ni vyema umjue mwandishi kwa upande ambao wengi huupita haraka, yaani ukoo wake na namna alivyoutumia.

Baba yake aliitwa Muhammed bin Juma, na babu yake Juma bin Rajab. Walikuwa Waarabu wenye asili ya Oman waliofanya biashara pwani na bara. Mama yake alikuwa binti wa Habib bin Bushir el Wardi, naye wa ukoo wa Kiarabu. Hata hivyo, miongoni mwa mabibi wa upande wa baba hutajwa damu ya mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani karibu na Dar es Salaam ya leo. Wazungu waliokutana na Tippu Tip waliandika kuwa alikuwa mweusi wa rangi, ingawa alijihesabu kuwa Mwarabu na hakuna aliyembishia.

Ili uelewe jambo hilo, shika vizuri maana ya neno suria. Suria ni mtumwa wa kike anayekaa na bwana wake kama mke bila kuolewa. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alizaliwa huru. Alibeba jina la baba na kurithi pamoja na watoto wa mke wa ndoa. Ukoo ulihesabiwa kwa wanaume: fulani bin fulani bin fulani. Bibi aliyenunuliwa akaleta watoto huru alitoweka katika orodha hiyo baada ya vizazi viwili tu.

Ndoa nazo zilikuwa sehemu ya biashara. Muhammed bin Juma alikaa Unyanyembe, eneo la Tabora, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mkwe wa mtemi hakuwa mgeni tena, na msafara wake ulipita kwa urahisi. Hamed mwenyewe alimwoa binti wa Salum bin Abdallah el Barwani, mwanamke aliyekuwa na mali Unguja na Maskati. Kwa maoni yetu, wanaodai kuwa alijitajirisha kwa bunduki pekee wanausahau utajiri wa bibi huyu.

Alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akiuza sandarusi pamoja na jamaa za mama yake. Alipofika miaka 18 aliandamana na baba yake hadi bara. Baadaye akaongoza misafara yake mwenyewe. Ushindi uliompa sifa ni ule dhidi ya Nsama, mtawala wa Watabwa, mwaka wa 1867, ambapo aliteka shehena kubwa ya pembe. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone. Kuhusu jina lake la utani, wapo wanaosema linatokana na mlio wa bunduki zake, na wapo wanaosema ni kwa sababu alikuwa akipepesa macho.

Tukio linalotuhusu zaidi lilitokea mapema katika miaka ya 1870, huko Utetera, mashariki mwa Kongo. Mtawala wa huko, Kasongo Rushie, alikuwa mzee. Tippu Tip alikuwa amesikia njiani kwamba zamani Warua waliivamia nchi hiyo na kuwachukua mateka wanawake wa ukoo wa mtawala. Akaikamata habari hiyo na kuigeuza kuwa nasaba. Alidai kwamba babu yake Habib bin Bushir alimnunua mmoja wa wanawake wale huko Urua, akazaa naye, na mtoto huyo ndiye mama yake Tippu Tip. Kwa hiyo yeye alikuwa mjukuu wa ukoo wa Utetera, aliyerudi nyumbani.

Kasongo Rushie aliamini, akamkabidhi utawala. Pembe ambazo zamani zililetwa kwa mtawala sasa zililetwa kwa mgeni huyu. Katika tawasifu yake Tippu Tip anasimulia hila hiyo bila kuona haya, na msomaji makini atahisi kuwa anajivunia.

Mwanafunzi, jiulize kwa nini uongo huo ulifanikiwa. Wengi hujibu kuwa mzee alikuwa mjinga, na jibu hilo ni la kumdharau bure. Hadithi ilikubalika kwa sababu mambo ya namna hiyo yalikuwa yakitokea kila mwaka. Wanawake walitekwa vitani, wakauzwa, wakawa masuria, na watoto wao wakawa waungwana wa pwani. Mzee aliyepotelewa na ndugu zake kwa njia hiyo alikuwa na kila sababu ya kutarajia mjukuu kama huyo. Tippu Tip alilitumia jeraha la kweli la familia ya watu wengine.

Mwaka wa 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kazi hiyo haikudumu. Alirudi Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890 na hakwenda bara tena. Mwanawe Sefu, aliyebaki Kongo, aliuawa mwaka wa 1893 akipigana na majeshi ya Leopold.

Unguja aliishi kama mkulima mkubwa. Huandikwa kwamba kufikia mwaka wa 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Zao kuu la kisiwa lilikuwa karafuu. Wewe uliyekulia Kericho au Bomet unajua jinsi chai isivyosubiri: majani mawili na chipukizi visipochumwa kwa wakati hukomaa na kuharibika. Karafuu nayo ni tumba la ua linalotakiwa kuchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, lakini mti wake ni mrefu na mchumaji hulazimika kuupanda. Kisha karafuu huanikwa juani. Kwa desturi watumwa wa mashamba waliachiwa Alhamisi na Ijumaa walime vijishamba vyao, na kutoka humo walijilisha.

Tawasifu inajaa majina ya watawala, wakopeshaji na jamaa. Hao wa mashambani hawana majina. Tunapochambua tawasifu tunapaswa kuhesabu pia aliyenyamaziwa, kwa kuwa msimulizi wa nafsi ya kwanza ndiye anayechagua.

Aliandika kwa hati za Kiarabu katika miaka yake ya mwisho. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa ya Kirumi, yakachapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 pamoja na tafsiri ya Kijerumani.

Tarehe 6 Aprili 1897 sultani alikuwa ameondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, na serikali ilimlipa fidia bwana, si mtumwa. Masuria hawakuhesabiwa katika amri hiyo. Walichukuliwa kuwa kama wake. Tippu Tip alifariki katika Mji Mkongwe mwezi Juni 1905. Masuria wa Unguja walisubiri hadi mwaka wa 1909.

Maswali
1. Eleza jinsi Tippu Tip alivyoutumia ukoo wa upande wa mama kupata utawala Utetera.
2. Ukiwa mchumaji wa karafuu katika mojawapo ya mashamba yake, andika aya tatu za tawasifu yako.