Mirambo, jamaa aliyemzungusha Stanley

Wadau, wote tunajua Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Ila kwa nini kutoka Tabora hakufuata njia ya kawaida ya misafara, akazungukia kusini? Jibu ni Mirambo.

Jina lake hasa ni Mtyela Kasanda, Mnyamwezi, kazaliwa kama 1840. Mirambo ni jina la vitani, maana yake maiti. Alianza na utemi mdogo wa Uyowa, akakusanya vijana wa vita, wale rugaruga, hadi akawa na dola. Ugomvi wake na Waarabu wa Tabora ulikuwa wa biashara: nani aitawale njia ya pembe. Akaifunga. Agosti 1871 wakamfuata, Stanley naye yumo na bunduki yake. Wakachapwa, kisha Mirambo akaingia Tabora yenyewe akachoma sehemu ya mji!

Mwaka 1876 yeye na Stanley wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu. Stanley akamfananisha na Napoleon.

Malaika hakuwa, vijiji vingi viliteketea. Alifariki 2 Desemba 1884, hata miaka 50 hajafika, na dola ikasambaratika haraka. Urambo, hapo magharibi ya Tabora, jina limetoka kwake.