Rebmann na theluji ambayo London haikuiamini

Asubuhi ya Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitoka Rabai karibu na Mombasa kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Alidhani ni wingu. Kiongozi wake wa njia akamwambia ile ni baridi tu, na Rebmann akatambua ni theluji, kilomita 300 na kitu kutoka ikweta!

Habari zilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley wa London alizipinga vikali. Yeye Afrika hakuwahi kukanyaga.

Wachagga walikwisha kuijua siku nyingi. Rebmann alisimuliwa kwamba mtawala wa Machame alituma watu wakachukue kitu kile cheupe, wakidhani ni madini ya fedha. Wengi hawakurudi.

Inawezekanaje? Hewa ya juu ni nyepesi na haishiki joto. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Moshi mjini, mita 800 hivi, kukiwa na nyuzi 30, kileleni kwenye mita 5,895 ni karibu na sifuri. Sisi tuliopanda daladala kutoka Moshi hadi Marangu tunajua sweta linapoanza kuhitajika.

Mwaka 1862 mpelelezi Karl Klaus von der Decken alipanda mlima huo na theluji ikamwangukia. Cooley bado alibisha. Rebmann alibaki pwani hadi 1875, akarudi kwao akiwa kipofu. Alifariki mwaka uliofuata.