Mchungaji Grundtvig katika Baraza la Juu

Jina la Grundtvig si geni katika Makanisa ya Kilutheri, maana nyimbo alizozitunga huimbwa katika nchi nyingi. Lakini si wengi wajuao ya kuwa mtunga nyimbo huyu aliketi pia katika mabaraza ya kutunga sheria ya nchi yake, Denmark; tena ya kuwa, alipokuwa mzee wa miaka 82, aliingia katika Baraza la Juu kwa ajili ya shauri moja tu. Akalisema neno lake, akashindwa. Habari ya kushindwa kwake ndiyo twataka kuisimulia hapa, kwa sababu ina mafundisho kwa kila mtu aketiye barazani, likiwa ni baraza la nchi au la wazee wa usharika.

Nikolaj Frederik Severin Grundtvig alizaliwa tarehe 8 Septemba 1783 katika kijiji cha Udby, kisiwani Sjælland, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa mbali, Jutland, akae kwa mchungaji mmoja apate kufundishwa. Kisha akaingia shule ya Kilatini mjini Aarhus. Mwaka 1803 alimaliza masomo ya elimu ya Mungu mjini Copenhagen. Wakati ule imani yake ilikuwa baridi, kama ilivyokuwa imani ya wasomi wengi wa siku zile. Lakini Mungu hakumwacha. Mwaka 1810, alipotoa mahubiri yake ya majaribio, aliuliza kwa ukali kwa nini Neno la Bwana limetoweka katika nyumba yake. Wachungaji wa mji wakachukizwa, wakamshitaki, naye akakaripiwa na wakuu wake. Majira yale yale akapatwa na giza kuu la moyo, hata akawa mgonjwa. Akatoka humo akiwa mtu wa imani hai. Mwaka 1811 akabarikiwa kuwa mchungaji, akamsaidia baba yake kule Udby.

Mwaka 1825, Grundtvig akiwa mchungaji mjini Copenhagen, profesa mmoja jina lake H. N. Clausen alitoa kitabu kikubwa juu ya Kanisa. Grundtvig aliona ya kuwa kitabu kile chaweka imani mikononi mwa wataalamu, wala si katika maungamo ya usharika penye ubatizo. Akajibu upesi, tena kwa maneno makali kupita kiasi, maana ulimi wake ulikuwa mkali, na hilo hatuwezi kulificha. Clausen akamshitaki kwa kumvunjia heshima. Mwaka 1826 hukumu ikatoka: Grundtvig alipe faini, tena kila aandikacho kisipigwe chapa mpaka kimesomwa kwanza na mkaguzi wa serikali. Alikuwa amekwisha kujiuzulu uchungaji wake. Kifungo hicho cha kalamu kilidumu hata mwaka 1837.

Miaka ile ilikuwa ya uchungu, lakini ilikuwa shule yake. Aliyefungwa kinywa hujua thamani ya uhuru kuliko aliyehubiriwa habari zake. Tena kati ya mwaka 1829 na 1831 alisafiri mara tatu kwenda Uingereza, akaona jinsi watu wa kule walivyojadiliana wazi wazi na kufanya kazi zao pasipo kumngoja mkuu awaamuru. Tangu hapo alishika neno moja asiloliacha: ya kuwa uhuru nautakao mimi, sharti niutake na kwa yule anipingaye. Mwaka 1839 akapewa kazi ya uchungaji katika Vartov, nyumba ya kutunza wazee maskini mjini Copenhagen. Akahudumu humo miaka 33, hata kufa kwake.

Zamani zile wakulima wa Denmark walidharauliwa na wasomi. Grundtvig akaandika ya kuwa vijana wao wapate shule za namna nyingine, zisizo na mitihani, wafundishwe kwa lugha yao wenyewe na kwa neno la kinywa, wapate kuijua nchi yao na kushika wajibu wao. Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kisha zikaenea katika nchi zote za kaskazini mwa Ulaya. Mbegu ile imefika hata kwetu: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975 kwa msaada wa Waswidi, vilichukua mfano wake huko.

Sasa tuje kwenye mambo ya mabaraza. Tangu mwaka 1660 mfalme wa Denmark alitawala peke yake. Mwaka 1848 mfalme Frederik VII alikubali kuuacha utawala wa namna hiyo, ukaitwa mkutano wa kutunga sheria kuu ya nchi, ndiyo katiba. Grundtvig hapo kwanza hakuwa mpenzi wa mabaraza yenye mamlaka. Aliona yatosha watu watoe shauri lao, naye mfalme atende. Lakini alipoona ya kuwa mambo yamegeuka, hakukaa nyumbani kunung'unika. Watu wa Præstø, ambako zamani alikuwa mchungaji, wakamchagua, akaenda.

Barazani hakujiunga na chama chochote. Leo alikuwa pamoja na hawa, kesho pamoja na wale, kwa kadiri alivyoona haki. Kwa sababu hiyo wakuu wa vyama hawakumtumaini. Wengine walimwona kuwa mzee wa maneno mengi tu.

Shauri moja la siku zile latupasa kulikumbuka sisi Waafrika. Denmark ilikuwa na visiwa vitatu katika bahari ya Karibi, ambavyo watumwa walioletwa kutoka Afrika walilima mashamba ya miwa. Tarehe 3 Julai 1848 watumwa wale waliushika uhuru wao, naye liwali wa kule akautangaza. Mabwana zao wakadai walipwe fidia, kana kwamba wamenyang'anywa ng'ombe. Tangu mwaka 1839 Grundtvig alikuwa mmoja wa watu wachache mjini Copenhagen waliounda kamati ya kupinga utumwa. Basi mwezi wa Desemba 1848 neno la uhuru wa watu lilipotajwa barazani, alisimama akakana wazi ya kuwa mwanadamu aweza kuwa mali ya mwanadamu mwenzake.

Katiba ilipokwisha kutungwa, ikapigiwa kura tarehe 25 Mei 1849. Wajumbe 119 walikubali, wanne walikataa. Grundtvig hakusema ndiyo, wala hakusema siyo, kwa kuwa mengi aliyoyapigania hayakuingizwa humo. Neno hili, msomaji, ulishike, maana tutalirudia.

Mfalme alitia sahihi tarehe 5 Juni 1849. Kwa katiba hiyo palikuwa na mabaraza mawili: Folketing, lililo la chini, na Landsting, lililo la juu. Wanawake, watumishi wa nyumba za wengine, na maskini waliolishwa kwa fedha za watu wote, hawakuwa na kura. Lakini mwanamume wa miaka 30 na zaidi mwenye nyumba yake, hata akiwa mkulima mdogo, kura yake ilihesabiwa sawa na ya bwana mkubwa, kwa mabaraza yote mawili.

Hata mwaka 1858 Grundtvig aliketi mara kadha wa kadha katika Folketing. Humo alipigania hasa uhuru wa imani. Katika miaka iliyotangulia katiba, watoto wa Wabatisti walikuwa wakichukuliwa kwa nguvu ya serikali na kubatizwa, na kila Mkristo alifungwa kwa mchungaji wa mtaa wake, apende asipende. Grundtvig alifundisha kwa nguvu thamani ya ubatizo kuliko wengi, na kwa sababu hiyo hiyo hakutaka mtu aburutwe kwenye maji hayo. Mwaka 1855 sheria ikawapa Wakristo ruhusa ya kujichagulia mchungaji wa mtaa mwingine. Mwaka 1857 ubatizo wa kulazimishwa ukakomeshwa. Kisha akarudi Vartov, na watu wakadhani kazi yake ya barazani imekwisha.

Ndipo vita vikaja. Mwaka 1864 Denmark ilishindwa na majeshi ya Prussia na Austria, ikapoteza nchi za Schleswig, Holstein na Lauenburg. Huzuni ikaijaza nchi. Wakati wa msiba watu hutafuta wa kumlaumu. Wenye mashamba makubwa na wasomi wengi wakasema ya kuwa watu wa chini wamepewa sauti kubwa mno. Wakaleta shauri la kuigeuza katiba. Katika Landsting jipya wajumbe wangekuwa 66: 12 wangewekwa na mfalme, na katika kuwachagua karibu wote waliobaki, wenye kulipa kodi nyingi wangepewa nguvu kupita wenzao. Hivyo Baraza la Juu lingekuwa ngome ya matajiri, na pasipo kibali chake sheria isingepita.

Grundtvig alikuwa amekaribia miaka 83. Nywele na ndevu zake zilikuwa nyeupe. Tangu mwaka 1861 alikuwa na cheo cha heshima cha askofu, na angeweza kukaa kwa amani akiandika nyimbo. Lakini mwaka 1866 alikubali kuchaguliwa kuwa mjumbe wa Landsting, asiye wa chama, ili aipinge sheria hiyo mahali penyewe palipotakiwa kugeuzwa.

Ona sasa ajabu yake. Yeye aliyekataa kuipigia kura katiba ya mwaka 1849 ndiye aliyekuja kuitetea, na wengi walioipokea kwa furaha ndio waliotaka kuipunguza. Grundtvig hakuipenda katiba kwa kuwa ni kazi yake, maana haikuwa yake. Aliitetea kwa kuwa watu wadogo walikwisha kupewa haki ndani yake, na alichopewa mdogo si haki kumnyang'anya siku ya msiba.

Mwezi wa Julai 1866 akasema barazani, akiwasihi wajumbe wenzake wasikubali. Hawakumsikiliza. Walipokwisha kupiga kura, shauri likapita. Hata hapo mzee hakukata tamaa. Yeye na A. F. Tscherning, aliyekuwa zamani waziri wa vita, wakaenda kwa mfalme Christian IX kumwomba asitie sahihi. Mfalme akatia sahihi tarehe 28 Julai 1866. Basi, ikawa imekwisha. Ujumbe wa Grundtvig katika Baraza la Juu ulikuwa wa miezi michache tu, na shauri aliloliendea lilishindwa.

Mwaka uliofuata ugonjwa wa akili ulimrudia kwa muda, hata siku ya Jumapili ya Matawi usharika wa Vartov ukafadhaika kwa maneno na matendo yake kanisani. Akapona, akaendelea kuhubiri. Jumapili tarehe 1 Septemba 1872 alipanda mimbarani kama desturi yake. Kesho yake akafa kwa utulivu kitini pake, zikiwa zimebaki siku sita atimize miaka 89. Akazikwa karibu na mji wa Køge, pamoja na mkewe wa pili, Marie.

Mambo aliyoyapinga yaliendelea baada yake. Kwa miaka mingi Landsting lilisimama upande wa mawaziri ambao Folketing haikuwataka, na tangu mwaka 1885 hata 1894 waziri mkuu Estrup alitoza na kutumia fedha za nchi kwa sheria za muda pasipo kibali cha wajumbe wa watu. Lakini vijana wa wakulima waliotoka katika zile shule za Grundtvig walikuwa wamejifunza kusema na kusubiri. Mwaka 1901 mfalme akakubali kuchagua mawaziri kutoka upande wenye wajumbe wengi katika Folketing. Tarehe 5 Juni 1915 katiba mpya ikatiwa sahihi: majaliwa ya matajiri yakaondolewa, nao wanawake na watumishi wakapewa kura. Mwaka 1953 Landsting lenyewe likafutwa. Neno lililoshindwa mwaka 1866 lilipata njia yake baada ya miaka 49, na aliyelisema alikuwa kaburini miaka 43.

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu na wazee wa sharika, mara nyingi twanyamaza barazani kwa kuwa twaona wazi ya kuwa tutashindwa. Twasema moyoni: kura yangu moja yafaa nini? Mzee Grundtvig alihesabu kura kama sisi, naye akajua hesabu yake. Hata hivyo alisimama, kwa sababu aliona ya kuwa mjumbe huulizwa na Mungu kama alisema kweli, wala haulizwi kama alishinda. Tena alisimama kwa ajili ya haki za wadogo, wala si kwa ajili ya cheo chake mwenyewe.

Mpanzi hutupa mbegu asubuhi, na pengine mvuno wake huvunwa na mwingine. Bwana wetu atujalie tusiifiche mbegu mkononi kwa kuogopa jua.