Blagoje Vidinić, kocha aliyeshutumiwa kwa kipigo cha Zaire

Mwaka 1974, Zaire, iliyopakana na Gisenyi, ilifundishwa na Blagoje Vidinić, kipa wa zamani wa Yugoslavia aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960. Aliiongoza kunyakua Kombe la Afrika nchini Misri, kisha akaipeleka kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi.

Huko ilichapwa 9-0, tena na Yugoslavia. Alipomtoa kipa Kazadi baada ya mabao matatu tu, alishutumiwa kuisaidia nchi yake. Baadaye alieleza kwamba agizo lilitoka kwa afisa wa serikali. Wachezaji, nao, walilalamikia posho zisizolipwa. Hilo, kwa maoni yetu, liliwavunja moyo zaidi.

Vidinić alifariki mjini Strasbourg mwaka 2006.