Ronald Fisher na mpaka wa asilimia 5

Msomaji, ukisikia utafiti umethibitisha kuwa dawa fulani inatibu, mara nyingi nyuma ya maneno hayo upo mpaka ulioenezwa na mtu mmoja: Ronald Fisher.

Alizaliwa London mwaka 1890. Macho yake yalikuwa dhaifu, hivyo alizoea kupiga hesabu kichwani. Macho hayo yalifanya jeshi limkatae wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 aliajiriwa Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Uingereza, kuchambua takwimu za mavuno.

Huko, mwenzake Muriel Bristol alidai kuwa akionja chai anajua kama maziwa yalitangulia kikombeni au yalifuata. Fisher akapanga jaribio la vikombe 8: vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza. Anayebahatisha ana nafasi 1 tu kati ya 70 ya kupatia vyote.

Je, bahati iwe ndogo kiasi gani ndipo tuamini? Katika kitabu chake cha mwaka 1925, Fisher alipendekeza 1 kati ya 20, yaani asilimia 5. Maana yake, ukijaribu dawa 20 zisizotibu chochote, kwa wastani moja itaonekana inatibu, kwa bahati tu. Mpaka huo si sheria ya maumbile; aliuchagua kwa sababu ulifaa kwa kazi. Baadaye mwenyewe aliandika kuwa mpaka mmoja haufai kwa kila jambo.

Hata hivyo, ujuzi haukumkinga na upendeleo. Akiwa mvutaji wa kiko na mshauri wa watengenezaji wa sigara, alipinga ushahidi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu, akidai huenda chanzo ni urithi. Tafiti nyingi zilionyesha amekosea. Alifariki Adelaide, Australia, mwaka 1962.

Kwa hiyo, mzazi, ukiambiwa dawa imethibitika, muulize daktari: ni utafiti mmoja au kadhaa? Nafuu yake ni kubwa kiasi gani? Madhara je? Dawa ya mafua isiyofanya kazi itakula fedha zako. Dawa yenye madhara makubwa kwa mtoto inadai ushahidi mzito zaidi. Lakini usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kuuliza.